Kuku Tuliyempeleka Makote

"Mama yako anamkumbuka nani?"

Niliulizwa hivyo mlangoni mwa nyumba moja huko Makote, nikiwa na kuku kwapani. Mnanijua. Mimi ndiye ninayeuliza maswali hata kwenye misiba, ndiye aliyemfanya padri wetu aanze kunikwepa baada ya ibada. Siku hiyo nilisimama kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.

Tangu tumerudi mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje huko kusini, nami nimekuwa nikiwajibu kwa mkato kwamba barabara ni ndefu na mama alichoka. Ni kweli, lakini si yote. Haya sasa ndiyo yaliyotokea.

Kwanza mjue kilichotupeleka. Mama ni fundi cherehani hapa Mbagala, amevuka hamsini, na kwa miaka mingi alikuwa adui wa simu za kupangusa. Alitumia kitochi chake, simu ndogo ya vitufe iliyofungwa mpira, na kutusema kila tulipokula huku tumeinamisha vichwa. Kisha aliosoma nao shule ya msingi Makote, huko Newala, wakaanzisha grupu, na mama akanunua simu. Ndani ya mwezi mmoja yeye ndiye akawa anakula ameinamisha kichwa.

Hakuwa mwandishi. Alituma sauti. Alikaa kwenye cherehani, akabonyeza, akasimulia walivyokuwa wakiteremka bondeni kuteka maji, walivyokuwa wakila mabibo mpaka midomo inachubuka, kengele ya misheni, viboko vya mwalimu wa hesabu. Watu wa makamo walioko Mtwara, Tunduru, Dar na Makote kwenyewe wakamjibu kwa vicheko. Mimi nilisikiliza nikiwa chumbani na sikuamini hata nusu. Uwanda wa Makonde hauna maji. Kila mtu aliyesoma jiografia anajua. Watoto waliobeba maji kutoka bondeni kupandisha ukingo wake hawakuwa wakicheza.

Siku moja mama alituma sauti akimwita rafiki yake wa utotoni, ambaye siku hizi anaitwa Mama Daudi. Alimwita kwa jina alilokuwa akiitwa wakiwa wadogo. Nilikuwepo, nilimsikia: "We fulani, mbona hujibu? Njoo basi, tukateke maji." Jina lenyewe sitaliandika. Jioni ile ile Mama Daudi akatoka kwenye grupu, na mama akimpigia, simu haipatikani.

Mama alihangaika wiki kadhaa. Hatimaye mwenzao mmoja wa Masasi akamweleza kosa lake. Huko kwao msichana akitoka unyagoni, hata ule uliosimamiwa na kanisa, hupewa jina jipya, na la utotoni huachwa huko huko. Kumwita mtu mzima kwa jina lile, tena mbele ya watu, ni kumtukana. Zamani ulilipishwa faini ya kuku. Mama aliiweka mikono yake kichwani. Alikuwa anajua. Alitoka Makote akiwa msichana, akakaa mjini miaka yote hii, akawa amejua bila kukumbuka.

"Nisipomwona sasa," akaniambia, "nitakuja kwenda kumlilia msibani. Sitaki."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sina. Nikaambiwa nibebe begi.

Mbagala hadi Nangurukuru

Basi liliondoka kabla ya jua, likavuka daraja la Rufiji vizuri, na karibu na Somanga likakata mkanda wa feni. Kondakta alisema ni dakika kumi. Tulikula samaki wa kukaanga na muhogo, tukamaliza, tukanawa, tukala tena.

Kwenye kivuli cha basi alikaa karibu nasi mwalimu mmoja wa Nachingwea, mtu wa rika la mama. Kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka mpaka nikashangaa anaona nini. Alipojua mama ni wa Makote, wakaanza. Yeye alichezea mpira wa matambara, mama alichezea wa majani ya mgomba. Yeye alitembea pekupeku hadi darasa la saba, mama alivaa viatu mara ya kwanza siku ya kipaimara, na vilikuwa vya kuazima. Kila mmoja alitaka utoto wake uwe mgumu zaidi na mtamu zaidi, vyote kwa pamoja.

Nikashindwa kuvumilia. Nilimuuliza kama ulikuwa mtamu hivyo, mbona wao wote walihangaika watoto wao wasiuonje.

Mwalimu aligeukia mama. "Huyu binti ni hakimu?"

"Wa chuo kikuu," mama akasema. "Utamzoea."

Akacheka, lakini hakunijibu. Nikamuuliza basi, yeye simu hii aliinunua kwa nini. Nilidhani angesema kazi, au wajukuu. Akaipindua mkononi.

"Kwa aibu, binti yangu. Baba yangu mdogo alifariki, habari zikatumwa kwenye grupu la ukoo. Mimi nina kitochi. Kila mtu alidhani mwingine amenipigia. Nilikwenda kumsalimia na sukari mkononi, nikakuta wanafagia, matanga yamekwisha."

Halafu yeye mwenyewe akaanza kumsimulia mama jinsi walivyokuwa wakiiba karanga za huyo baba mdogo, na wakacheka mpaka mkanda mpya ukaja na pikipiki kutoka Nangurukuru. Nilikaa nikiwaangalia. Nilijiambia hawa watu hawakumbuki, wanajipaka dawa. Nilijiona nimegundua jambo kubwa.

Mkomaindo

Masasi tulifika giza limeshaingia, tukalala kwa Mama Upendo, yule yule aliyemweleza mama kosa lake. Ni mwanamke mnene, mwimbaji wa kanisani, anayeuza uji na maandazi jirani na hospitali ya Mkomaindo kwa watu wanaouguza ndugu zao. Asubuhi nilipotoka nje, milima ya mawe ilikuwa imejipanga nyuma ya mji kama ng'ombe waliolala, na Mama Upendo alikuwa ameshamaliza kuuza.

Akatuandalia ming'oko ya kuchemsha na chai. Hivi ni viazi vya porini, virefu, vina nyuzi. Nilikimenya kimoja nikakitafuna na nyuzi zake, nikawa natafuta pa kuzitema. Binamu yake mama, Hilari, aliyekuwa ameteremka kutoka Newala kutupokea, alinitazama kwa huruma.

"Chuoni hamfundishwi kula?"

"Tunafundishwa kuuliza," nikasema.

"Basi uliza kabla hujameza."

Hilari ni mkulima wa korosho na mwalimu wa kwaya. Yeye simu aliinunua kwa ajili ya sauti ya tatu. Wanaume wa kwaya yake hawaji mazoezini wakati wa mavuno, kwa hiyo anawarekodia sehemu yao, nao wanajifunza wakiwa wanaokota korosho. Alisema ukipita mashambani siku hizi utasikia sauti ya tatu peke yake chini ya mikorosho, bila wimbo, na mgeni anaweza kukimbia. Mama Upendo aliinunua kwa sababu ya mjukuu aliyezaliwa Mwanza. Anamjua uso, anamjua meno, hajamshika. Aliyasema hayo huku anamwaga chai, na akaimwaga nje ya kikombe.

Nikauliza Mama Daudi yeye aliinunua ya nini.

Hawakujua. Mama Upendo alisema alikuwa wa mwisho kuingia kwenye grupu na hakuwahi kutuma hata neno. Alisikiliza tu. Hata alikoolewa hakupenda kupataja. Aliolewa Tunduru, akakaa huko miaka, ndoa ikavunjika, akarudi Makote na Daudi mgongoni, akashika shamba la baba yake. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mama alisema katika miaka ile yeye hakuandika barua hata moja. Alikuwa ana watoto, ana cherehani, na barua ni kazi.

Kisha wakarudi kwenye maji. Nilijua watarudi. Mama alikumbusha jinsi walivyotangulizana kwenye njia ya bondeni wakiimba, ndoo zikigongana, wakisukumana, wakianguka na kucheka. Nikauliza nani alianguka.

"Mimi," Mama Upendo akasema.

Akakunja mkono wa gauni. Mfupa wa kiwiko ulikuwa umekaa upande.

"Nilivunjika. Baba alinipiga kwa kuvunja ndoo kwanza, ndipo akanipeleka misheni."

Mama alisema hilo hakulijua, na kwamba hajawahi kulisikia kwenye grupu.

"Kwenye grupu niseme hivyo? Watu wanacheka, mimi niharibu?" Akashusha mkono wa gauni. "Kule kila mtu anapeleka tamu yake. Chungu unabaki nayo nyumbani."

Nilifurahi, na nakiri nilifurahi vibaya, kama mtu aliyeshinda mabishano. Mama akakusanya vikombe akaenda kuviosha mpaka wakati wa kwenda sokoni.

Kununua kuku kulichukua asubuhi nzima. Hilari alisisitiza awe jike aliyekwisha kutaga, kwa sababu faini ya mtoto wa kuku ni tusi la pili. Mama alimkataa mwekundu, akamkataa wa shingo tupu. Muuza kuku alidhani tunapeleka mahari na akaanza kumpongeza bwana harusi. Hilari akapokea pongezi, akamuahidi kadi.

Kupanda Newala

Kutoka Masasi unapita tambarare ya mikorosho, halafu barabara inanyanyuka na gari linaanza kulalamika. Tulikuwa kwenye gari dogo la abiria, mama mbele, mimi na Hilari nyuma na kuku miguuni. Katikati ya mlima dereva alisimama ili injini ipoe. Tukashuka. Kulikuwa na mwanamke kando ya barabara na beseni la mabibo. Alitupa kila mtu lake, akakataa malipo, akasema yanaoza, anataka korosho tu. Bibo linakamua kinywa mpaka ulimi unakuwa kama kitambaa. Nilimwambia mama sasa naelewa kwa nini midomo ilichubuka. Hakucheka.

Alikuwa anafanya mazoezi. Niliiona midomo yake ikitembea. Hilari naye aliiona, akamwambia asiogope, kwamba kuku mwenyewe ni mkubwa kuliko kosa, labda ni sisi tutakaodai chenji. Mama akamjibu bila kugeuka kwamba Hilari angelipishwa faini kwa kila jina aliloharibu duniani, Newala nzima isingekuwa na kuku wa kutosha. Hapo nilijua bado yupo.

Akaniita pembeni. Akaniambia kwamba kwa utaratibu wa kwao mkosaji hapeleki faini mwenyewe. Anakaa mbali, anatuma mtu wake. Maneno akanifundisha pale pale: kwamba tumekuja kwa miguu yetu, tumejua tulipokosea, tunaomba jina lirudi lilikozikwa. Nilimuuliza kama anaamini haya. Yeye ni mtu wa kanisa, ana simu ya kupangusa, anaishi mjini.

"Rehema," akasema, "mimi sijui ninaamini nini. Ninachojua, alikuwa ananipigia kelele nisichelewe, na sasa hanipigii."

Makote

Kutoka Newala mjini hadi Makote tulikwenda na bodaboda. Kijana aliyenibeba mimi na kuku alitaka kujua tutamla na ugali au na wali.

Nyumba ya Mama Daudi ina bati na mifereji inayoshusha maji ya mvua kwenye kisima cha saruji. Mama aliitazama ile mifereji muda mrefu. Kisha akakaa kwenye gogo chini ya mkorosho, hatua nyingi kutoka nyumbani, na Hilari pembeni yake. Nikaenda peke yangu.

Alikuwa mlangoni, anachambua korosho kwenye ungo. Mwembamba, mrefu, kilemba cheusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni Rehema. Una macho ya bibi yako, yale ya kuchungulia." Alitabasamu, na nilimpenda papo hapo. Ndipo akamwona kuku, akamwona na mama kule kwenye gogo. "Huyo wa nini?"

Nikasema maneno niliyofundishwa. Nadhani niliyasema vizuri. Nilipofika kwenye jina kurudi lilikozikwa, mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Hii faini ni ya nini?"

"Ya jina, mama. Alilokuita kwenye simu."

Kuku akaanza kulia nikamshika mdomo.

"Mama yako anamkumbuka nani?" akaniuliza.

Hakuwa na hasira. Ni hilo lililonichanganya. Kichwani nilikuwa na majibu mawili ya kisomi, kwamba kumbukumbu humtengeneza mtu asiyekuwepo, kwamba binti waliyemwacha njiani kuelekea bondeni hakuwahi kuwa yeye. Nilikuwa nimeyaandaa tangu Somanga. Badala yake nikamweka kuku sawa kwapani.

"Rudi na kuku wako, mwanangu. Faini hiyo siwezi kuipokea mimi."

Msidhani alitufukuza. Aliinuka, akaenda mpaka kwenye gogo, akamshika mama mikono yote miwili, akauliza hali za watoto wote kwa majina. Akatuingiza ndani. Akapika ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, akanimegea mimi mkubwa. Waliongea Kimakonde, nami nikashika theluthi. Waliongea habari ya korosho kunyauka, habari ya kanisa kuezekwa, habari ya nani amekufa. Mama alisubiri nafasi, na ilipokuja, akashuka kwenye mkeka.

"Nisamehe," akasema kwa Kiswahili, ili na mimi niwe shahidi.

"Yamekwisha, Mama Rehema."

Mama aliinua uso. Tangu tufike alikuwa hajaitwa hivyo. Zamani wawili hawa waliitana kwa majina yao ya ubatizo. Mama Rehema ni jina ambalo wateja humwitia mama yangu.

Wakati wa kuondoka nilibaki nyuma nikamuuliza Mama Daudi, kwa kuwa siwezi kujizuia, kwa nini aliinunua simu. Alisema aliletewa na Daudi kutoka Mtwara. Alikuwa akitembea hadi dukani kunakoshika mtandao, anakaa kwenye kibaraza, anawasikia wenzake wakicheka.

"Nilipenda kuwasikia," akasema.

Nikauliza iko wapi. Akaonyesha sanduku la nguo kwa kidevu. Haikuwa na chaji.

Kurudi

Kuku alirudi nasi Masasi. Mama Upendo aliposikia amekataliwa, alisema hajawahi kuona faini ikikataliwa, kwamba mtu akikataa kuku maana yake ameweka kosa moyoni na halitoki tena. Akamchinja kwa ajili ya chakula chetu cha safari. Mimi na Hilari tulikula. Mama alisema tumbo limejaa.

Njia nzima ya kurudi, basi halikuharibika hata mara moja. Tulipita Somanga mama akiwa amelala, au amefumba macho.

Alibaki kwenye grupu lakini akaacha kusimulia. Mwanzoni wenzake walimuuliza, mbona kimya, tuletee ya mabibo. Alituma picha ya msalaba, au ua la asubuhi njema. Baada ya muda wakaacha kuuliza. Siku hizi grupu linatoa matangazo ya misiba na bei ya salfa ya mikorosho. Mimi niliyebishana na hadithi zile, sasa nikiwa chumbani nasikia cherehani tu, na sijapata namna ya kumwambia nazitaka.

Nilishikilia maelezo ya Mama Upendo kwa zaidi ya mwaka. Yalieleweka. Mila imevunjwa, faini imekataliwa, basi. Niliwahi hata kuwaeleza baadhi yenu hivyo, na tukajadili kama wasomi.

Kisha Daudi akaja Dar kununua vipuri, akapita nyumbani kutusalimia. Mama alikuwa kanisani. Ni kijana mpole, mrefu kama mama yake. Nilimpa chai, na katika maongezi nikamwambia kwa utani kwamba mama yake ana hasira za kimila, ametunyima msamaha kwa sababu ya jina tu.

Daudi alinitazama kama asiyenielewa.

"Mama hana habari na mila hizo," akasema. "Mama aliiweka simu sandukuni siku aliyosikia dada yangu anaitwa."

Nikamwambia kila mtu Makote anajua yeye ni mtoto wa kwanza.

"Makote, ndiyo. Mimi ni wa pili. Dada alizaliwa Tunduru na akafia huko, nikiwa bado tumboni. Alitumwa maji mtoni, hakurudi. Jina ambalo mama alikuwa ameliacha unyagoni, ndilo alilompa yeye."